Arioso ni Uimbaji wa Namna Gani? Majibu kwa Wasikilizaji na Wanakwaya

Kwaya zetu nyingi huimba "Haleluya" ya Handel kwa ghibu, bila hata kufungua kitabu. Lakini oratorio inayobeba wimbo huo, Messiah, ina vipande takriban 50, na ndani yake kuna nyimbo za mtu mmoja mmoja ambazo wasikilizaji huzipitisha tu wakisubiri kwaya isimame tena. Miongoni mwa hizo kuna namna ya uimbaji inayoitwa arioso. Ni fupi, haina mbwembwe, na mara nyingi haitajwi hata kwenye ratiba ya tamasha. Naamini kwa dhati kwamba hapo ndipo watunzi wakubwa walipoweka maneno ambayo hawakutaka yatupite. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo watu huuliza kuhusu uimbaji huu.

Arioso ni nini hasa?

Ni uimbaji wa mtu mmoja katika opera, oratorio au kantata, na mahali pake ni kati ya aina mbili zinazofahamika zaidi. Ya kwanza ni resitativo. Hapa mwimbaji anaghani. Anasema kwa sauti yenye noti, akifuata mwendo wa maneno yenyewe. Neno likitaka haraka anaharakisha, likitaka kituo anatua, na hakuna anayemhesabia mapigo. Chini yake kinanda na selo vinagusa noti chache tu za kumshikia sauti. Aliyewahi kumsikia padri akiimba utangulizi wa Sala ya Ekaristi ameshaonja kitu cha jamii hiyo: maneno yanatangulia, noti zinafuata. Kazi ya resitativo ni kuisogeza hadithi. Inatuambia nani kaingia, kasema nini, na nini kikatokea.

Ya pili ni aria. Hapa hadithi inasimama. Okestra inaanza na utangulizi wake, mapigo yanashikwa, kisha mwimbaji anachukua maneno machache na kuyarudia, kuyavuta na kuyapamba. Katika karne ya 18 aria nyingi zilikuwa na sehemu tatu. Baada ya sehemu ya pili, mwimbaji alirudi mwanzo kabisa na kuiimba ya kwanza tena akiongeza mapambo yake mwenyewe.

Arioso huchukua mapigo ya aria na utiifu wa resitativo kwa maneno. Unaweza kuihesabu. Ina melodi inayokaa kichwani. Hata hivyo maneno yanasonga mbele. Fungu moja linaweza kurudiwa kwa msisitizo, lakini hakuna kurudi mwanzo na kuanza upya. Maneno yakishasemwa, wimbo umekwisha. Ndiyo maana arioso nyingi hazifiki hata dakika tatu.

Nitaitambuaje nikiisikia?

Mahali pazuri pa kujifunza ni sehemu ya pili ya Messiah. Handel aliitunga oratorio hii mwaka 1741 kwa muda usiozidi wiki nne, na ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742. Maneno yote yalikusanywa kutoka kwenye Biblia na Charles Jennens. Katikati ya sehemu hiyo ya pili, tenori anasimama peke yake na kuimba vipande vinne vinavyofuatana, vyote vifupi, na vyote vikihusu mateso ya mtu mmoja.

Cha kwanza kimetoka Zaburi ya 69, mstari wa 20: aliyeshutumiwa amevunjika moyo, anatafuta wa kumhurumia na hamwoni. Hii ni resitativo, ila ni ile inayosindikizwa na vyombo vya nyuzi badala ya kinanda peke yake. Sikiliza jinsi vyombo hivyo vinavyovuta noti ndefu na kumwacha mwimbaji aseme. Ukijaribu kugonga mguu, mguu unapotea.

Kisha kinakuja cha pili, kutoka Maombolezo 1:12, ambapo wapita njia wanaombwa watazame kama kuna huzuni iliyo kama hii. Hapo ghafla mguu unapata pa kukanyaga. Handel ameandika juu yake kwamba iende polepole sana na kwa sauti ya chini. Mapigo yanatembea sawasawa, sauti inapanda kidogo na kushuka, inaomba mara moja, inaomba tena, basi. Ni vipimo 15 tu. Vitabu vingi vilivyochapishwa vinaiita arioso, na jina hilo linaistahili.

Kipande cha tatu, kutoka Isaya 53:8, kinarudi kwenye kughani: sentensi moja inayotangaza kwamba mtu huyo amekatiliwa mbali na nchi ya walio hai. Cha nne, kutoka Zaburi 16:10, ni aria. Vyombo vinatangulia, mwendo unachangamka, na ahadi kwamba nafsi yake haitaachwa kuzimu inarudiwa tena na tena mpaka imzoee msikilizaji.

Visikilize vyote vinne kwa mfululizo. Kwa pamoja ni dakika chache tu. Kisha rudia ukijiuliza mambo mawili: je, mapigo yameshikwa? Je, maneno yanarudi mwanzo? Yakiwa hayajashikwa, hiyo ni resitativo. Yakiwa yameshikwa na maneno yanarudi na kuzunguka, ni aria. Yakiwa yameshikwa na maneno yanaendelea mbele mpaka yaishe, umeshaipata arioso.

Ikiwa ni fupi hivyo, mtunzi anapata nini asichokipata kwenye aria?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na anayelijibu vizuri zaidi ni Johann Sebastian Bach.

Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, Bach alitoa Mateso ya Bwana kadiri ya Yohane. Waumini wa Kikatoliki wataujua mpangilio wake mara moja, maana unatokana na desturi ileile ya zamani inayofuatwa parokiani hadi leo: yuko msimulizi, yuko anayeimba maneno ya Kristo, na lipo kundi linaloimba maneno ya umati. Kwa Bach, msimulizi ni tenori naye huimba resitativo kavu, kwa kinanda na besi tu. Anasimulia kwa haraka na bila kujipendelea. Hana ruhusa ya kulia. Yeye ni shahidi.

Sasa fika mahali ambapo Petro amemkana bwana wake mara tatu na jogoo amewika. Injili ya Yohane inamwacha Petro hapo na kuendelea na mambo mengine. Bach hakuridhika. Aliazima kutoka kwenye Injili ya Mathayo yale maneno machache yanayosema Petro alikumbuka, akatoka nje, akalia kwa uchungu. Yanapofika maneno ya kulia, msimulizi ambaye muda wote amekuwa akighani anapunguza mwendo, na mapigo yanaingia chini yake. Besi inaanza kujongea kwa hatua ndogondogo, nusu sauti kwa nusu sauti. Sauti ya tenori inajipinda juu yake, inapanda, inaporomoka, inapanda tena, ikilivuta neno moja la kulia kwa muda mrefu kupita yote aliyoyasema kabla. Resitativo imegeuka arioso katikati ya sentensi.

Angalia kilichotokea. Bach hakumleta Petro aimbe. Aria ya toba inafuata baadaye, lakini kwanza ameonyesha shahidi akishindwa kubaki shahidi. Aria isingeweza kufanya hivyo. Aria hutangaza mapema kwamba sasa tunatulia tuhuzunike. Vyombo vinaanza, msikilizaji anajiandaa. Arioso humkuta mtu hajajiandaa, kwa sababu inaota ndani ya maneno ya kawaida. Inatuonyesha dakika ileile ambayo kusema kunakuwa hakutoshi tena.

Katika Mateso kadiri ya Mathayo, Bach aliupanua mpango huu. Kabla ya aria nyingi aliweka arioso fupi yenye maneno ya mshairi Picander, na kila moja ina kijipicha kimoja cha sauti ambacho vyombo havikiachi toka mwanzo hadi mwisho. Panapohusu kupigwa mijeledi, nyuzi zinachapa kwa mdundo mkali uliokatika-katika. Panapohusu Golgotha, obo mbili za sauti nzito zinapiga pamoja kumsindikiza alto. Msimulizi ametoa habari, arioso inaigeuza kuwa jambo linalokuhusu wewe unayesikiliza, ndipo aria inakaa nalo.

Mfano mwingine ambao nawashauri wote wausikilize kwa makini, hata watoto, uko kwenye kantata aliyoitunga mwaka 1714 alipokuwa Weimar, kwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Besi anaimba maneno ya Kristo kutoka Ufunuo 3:20, yule anayesimama mlangoni na kubisha. Wapiga vyombo vya nyuzi wanaweka pinde zao pembeni na kudonoa nyuzi kwa vidole. Tok, tok, tok, tok, bila kukoma, mpaka mwisho. Hodi inapigwa mbele yetu, na mwimbaji wala hapandishi sauti.

Uimbaji huu ulianzia wapi?

Ulianzia Italia, na kwa kweli ni mkongwe kuliko mgawanyo wenyewe wa resitativo na aria. Mwishoni mwa karne ya 16 walikuwapo Florence wasomi na wanamuziki waliokutana nyumbani kwa mtukufu Giovanni de' Bardi. Mmoja wao alikuwa Vincenzo Galilei, baba wa Galileo mwanafalaki. Walilalamika kwamba nyimbo za sauti nyingi zilizopishana zilikuwa zinaumeza ushairi, mtu asiweze kufuata kinachosemwa. Wakataka sauti moja, vyombo vichache, na maneno yasikike. Kutokana na fikra hizo ilizaliwa opera: Euridice ya Jacopo Peri, iliyoonyeshwa mwaka 1600, ndiyo ya zamani zaidi kati ya zilizotufikia zikiwa kamili. Miaka saba baadaye, huko Mantua, Claudio Monteverdi akatoa Orfeo. Humo mwimbaji huteleza kutoka kughani hadi kuimba na kurudi, bila mpaka wa kuonekana.

Mwaka 1637 Venice ikafungua jumba la opera ambalo yeyote mwenye pesa ya kiingilio aliweza kuingia. Watu waliolipa walitaka nyimbo za kutoka nazo wakiziimba njiani. Aria ikanenepa, resitativo ikakonda, na kufikia mwanzo wa karne ya 18 vikawa vitu viwili vilivyotengana kabisa. Arioso ikabaki kama njia ya kupita kati yao.

Mbona kwenye noti zangu pameandikwa "resitativo"?

Kwa sababu watunzi hawakuwa na ada moja ya kuandika majina. Zile arioso za Mateso kadiri ya Mathayo, Bach mwenyewe aliziita resitativo. Wachapishaji na wataalamu wa baadaye ndio waliozoea kuziita arioso. Kinyume chake, ndani ya resitativo za kantata zake utakuta mara nyingine neno arioso limeandikwa juu ya vipimo vichache tu vya mwisho, kumwonya mwimbaji kwamba kuanzia hapo ashike mapigo. Usibishane sana na kichwa cha wimbo. Amini masikio.

Je, kuna arioso isiyo na mwimbaji?

Ipo, na huenda umeshaisikia harusini. Ule wimbo wa polepole unaopigwa kwa selo na kuitwa "Arioso ya Bach" ulikuwa ufunguzi wa kantata yake moja, ambako melodi hiyo ilipigwa na obo, naye Bach aliuita sinfonia. Jina la arioso limezoeleka baadaye, kwa sababu chombo kinaimba kama mtu.

Aliyefanya makubwa zaidi hapa ni Beethoven. Katika sonata ya piano aliyoitunga mwaka 1821, inayojulikana kama opus 110, piano inaghani kwanza, noti zikisitasita kama mtu anayetafuta maneno. Kisha inaingia arioso ya maombolezo, na Beethoven ameiandika hivyo waziwazi. Inafuata fuga iliyotulia, yaani muziki ambao sauti huingia moja baada ya nyingine kwa melodi ileile. Halafu maombolezo yanarudi, ila safari hii mpigaji anaambiwa apige kama aliyechoka kabisa, na melodi ileile imekatwa-katwa kwa vituo vifupi, kama mtu anayekosa pumzi kati ya neno na neno. Mwisho wa maombolezo hayo, noti zilezile zinapigwa kwa pamoja mara kumi, kila mara zikikua, na fuga inarudi ikiwa imepinduliwa juu chini. Hakuna neno hata moja, na hakuna asiyeelewa.

Iliendelea baada ya hapo?

Iliendelea na ikakua. Mendelssohn aliweka arioso mbili katika oratorio yake Eliya, iliyoimbwa kwanza Birmingham mwaka 1846. Moja ni ya alto. Nyingine anaimba Eliya mwenyewe, kwa maneno ya Isaya 54:10 yanayosema milima inaweza kuondoka lakini wema wa Mungu hautaondoka. Warusi waliipenda hasa: katika opera ya Tchaikovsky, Eugene Onegin, kijana Lensky anamwambia Olga mapenzi yake kwa arioso, na haiba ya wimbo ule ni kwamba unasikika kama kijana anayesema kwa mara ya kwanza jambo alilolibeba siku nyingi.

Katika opera ya Verdi, Otello, iliyotolewa Milan mwaka 1887, Otello anayeamini mkewe amemsaliti anaachwa peke yake jukwaani. Mtunzi mwingine angempa aria ya ghadhabu. Verdi anamwanzisha karibu kwenye noti moja tu, inayorudiwa na kurudiwa kwa sauti iliyosakamwa, huku okestra ikizungusha kijimdundo kidogo chini yake. Melodi inachelewa kufika, na ikifika inauma.

Nimepewa arioso niimbe. Nianzie wapi?

Anza bila noti. Soma maneno kwa sauti, kama unayasoma mimbarini, mpaka ujue ni neno gani linalobeba uzito katika kila sentensi. Kisha yasome tena ukigonga mapigo polepole kwa kidole. Ndipo ufungue noti.

Makosa ninayoyasikia zaidi ni mawili. Kuna mwimbaji anayeichukulia kama resitativo, akaharakisha na kuburuta atakavyo. Mpiga kinanda anabaki akimkimbiza, na ile besi inayotembea, ambayo ndiyo moyo wa arioso, inaharibika. Na kuna anayeichukulia kama aria, akaanza kuonyesha sauti. Anatetemesha kila noti, anashikilia noti ya juu zaidi ya thamani yake, anaongeza mapambo. Tafadhali, acha. Noti ya juu katika arioso imewekwa kwa ajili ya neno lililo chini yake. Vuta pumzi panapo koma au nukta, wala usikate neno kwa sababu kifua kimeisha. Kama pumzi haitoshi, punguza ukubwa wa sauti.

Mpiga kinanda naye ana sehemu yake. Katika resitativo humsubiri mwimbaji. Katika arioso yeye ndiye anayeshika mwendo, na mwimbaji anamwegemea. Mkubaliane hilo mapema, kabla ya siku ya mazoezi ya pamoja.

Inaweza kuimbwa kwa Kiswahili?

Inaweza, na ningependa kusikia zaidi. Lakini tafsiri ya arioso inahitaji uangalifu kuliko tafsiri ya wimbo wa kwaya, kwa sababu hapa neno halina pa kujificha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka pigo zito kwenye silabi nyingine, msikilizaji anasikia neno geni.

Chukua ile arioso ya Messiah. Kwa Kiingereza inaanza na neno la silabi mbili, nyepesi kisha nzito. Tuseme tumeamua kuweka "tazameni". Mkazo uko kwenye "me". Maana yake "taza" lazima ziwe noti mbili nyepesi kabla ya pigo, "me" ianguke juu ya pigo lenyewe, na "ni" ipate noti yake laini baada ya hapo. Handel aliandika noti mbili tu, kwa hiyo kila moja igawanywe mara mbili. Ukiacha noti zilivyo na kulazimisha "ta-ZA-meni", umeharibu neno na umeharibu melodi pia. Kumbuka pia kwamba "tazama" hukazwa "za", na ukiongeza "ni" tu mkazo unahama. Kwa hiyo kubadilisha umoja kuwa wingi kunadai mpangilio mpya wa noti.

Habari njema ni kwamba Kiitaliano, lugha ambayo uimbaji huu ulizaliwa nayo, nacho kwa sehemu kubwa hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kumalizia neno kwa irabu. Miisho ya sentensi katika uimbaji wa Kiitaliano imezoea noti nzito ikifuatiwa na nyepesi, yaani vilevile sisi tunavyosema "huzuni", "machozi", "moyoni". Mtunzi wa kwetu anayetaka kuandika arioso yake mwenyewe, kwa maneno ya Kiswahili toka mwanzo, atakuta kazi imeshalainishwa. Noti za Bach na Handel hazina tena haki za mwandishi na zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo anaweza kuzifungua na kuona jinsi kila mkazo ulivyowekwa. Achague aya fupi, sentensi mbili au tatu, aigonge kwa kidole mezani, aandike kwanza besi inayotembea, kisha ayaachie maneno yachague noti zao.